Kula kwa Msimu: Mwongozo wa Wiki ya Mikahawa Mombasa

Wiki ya mikahawa ikitangazwa mjini, simu hujaa picha. Kamba wakubwa juu ya wali, juisi ya rangi mbili, na bei ya ofa kwa maandishi manene. Watu hutazama picha, hutazama bei, kisha hubuku meza. Mimi siku hizi hutazama upepo kwanza. Hapa Mombasa chakula kizuri hufuata upepo na mvua, na mkahawa unaopika kwa msimu ndio unaokupa thamani ya pesa zako wakati wa ofa. Ule ambao menyu yake haibadiliki Januari hadi Disemba, mara nyingi hukuuzia kilicholala kwenye friza.

Wiki hizi zilianzia New York mwaka 1992, mkutano mkuu wa chama cha Democratic ulipofanyika huko na mji ukajaa wageni. Mikahawa mikubwa ilikubali kuuza mlo wa mchana kwa dola 19.92, bei iliyofuata tarakimu za mwaka wenyewe. Watu wakaupenda mpango ule, ukaenea miji mingi duniani. Utaratibu haujabadilika sana: menyu fupi, bei moja, siku chache. Mkahawa hujaza meza ambazo zingekaa tupu, nawe unaingia mahali ambapo kwa bei ya kawaida pengine ungepita ukitazama kwa nje tu.

Kwetu sisi, meza hukaa tupu zaidi kipindi cha masika na mwanzo wa upepo wa kusi, kuanzia Aprili hadi Juni hivi, watalii wanapopungua na baadhi ya hoteli za ufuoni zikafunga kwa ukarabati. Mkahawa ukitaka kuvuta watu kwa ofa, huo ndio wakati unaoihitaji, na huo ndio wakati bahari imechafuka. Ofa iliyojaa samaki wa maji makuu katika miezi hiyo inahitaji maswali.

Hatua ya kwanza: jua upepo kabla hujafungua menyu

Kaskazi huvuma kuanzia Novemba au Disemba hadi Machi. Bahari hutulia, maji yakawa maangavu, na hata vyombo vidogo huweza kuvuka mwamba kwenda maji makuu. Huu ndio wakati wa jodari, nguru na sulisuli. Kama ofa imekuja katika miezi hii na menyu ina jodari wa kuchoma, kaa mkao wa kula.

Kusi huanza Aprili na kushika nguvu Juni hadi Agosti. Mawimbi huwa makubwa kwenye mlango wa mwamba, na mitumbwi na ngalawa nyingi hubaki ndani. Wavuvi hutega malema kwenye nyasi za bahari, wengine hutupa nyavu katika mikono ya maji kama Tudor na Mtwapa. Wanachopata ni tafi, changu, pono na wengineo wanaoishi karibu na mwamba. Watu huwadharau samaki hawa kwa sababu ni wadogo na wana miiba, nami nawatetea kila ninapopata nafasi. Tafi aliyetoka majini alfajiri, akachomwa mchana, ni mtamu kuliko kipande kikubwa cha nguru kilichokaa wiki tatu kwenye barafu.

Pweza ana kalenda yake, nayo ni mwezi. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari hupwa mbali sana. Tofauti ya maji kujaa na kupwa huzidi mita 3, mwamba hubaki wazi, na watu hutembea juu yake kwa miguu wakimchokoa pweza mashimoni. Siku za maji mafu mwamba haufunuki hivyo, na pweza huadimika. Nikiona ofa ya pweza wa nazi, hutoka nje usiku nikautazama mwezi, ndipo nachagua siku ya kwenda.

Kamba wao hupendana na mvua. Mito Tana na Sabaki ikijaa na kumwaga maji yake ya udongo upande wa Ghuba ya Ungwana, ndipo kamba hunona huko. Kwa hiyo usishangae kuona kamba kwenye menyu ya masika. Hao wana haki ya kuwemo.

Nchi kavu ni rahisi zaidi. Embe hujaa Novemba hadi Februari, ngowe na boribo na dodo, na zambarau huwa barabarani wakati huo huo. Mvua ya masika huleta mboga za majani: mchicha, kunde, mchunga. Ukipita soko la Marikiti asubuhi moja kabla ya kubuku, utajua kila kitu bila kumuuliza mtu. Kinachouzwa kwa mafungu makubwa na kwa bei ndogo ndicho unachotaka kukiona kwenye sahani yako wiki hiyo.

Hatua ya pili: isome menyu ya ofa neno kwa neno

Menyu za wiki hizi huwa na vyakula vitatu: cha kuanzia, kikuu, na kitamu cha mwisho. Mara nyingi unapewa viwili viwili uchague. Tafuta dalili kwamba mpishi amefikiria wiki hii hii. Menyu iliyoandika "samaki wa leo" hunivutia kuliko iliyoandika jina moja la samaki kwa wiki nzima, ila kwa sharti kwamba ukipiga simu wanaweza kukutajia jina la huyo samaki wa leo. Embe mwezi wa Februari ni sawa. Embe kwenye kila chakula mwezi wa Mei, huenda imetoka kwenye kopo.

Angalia pia maneno madogo chini. Humo ndimo hujificha "kamba mawe kwa nyongeza ya bei", "vinywaji havimo", "Jumatatu hadi Alhamisi pekee". Soma yote.

Mwaka mmoja, mwezi wa Julai, sikuisoma. Nilimchukua mamangu tukaenda mkahawa mmoja wa ufuoni uliokuwa umetangaza nguru mbichi wa kuchoma. Kusi lilikuwa limevuma siku sita mfululizo na vyombo vimepandishwa pwani. Tuliviona kwa macho yetu njiani. Sahani ilipofika, nyama ilikuwa kavu juu na imejaa maji ndani, kila ukikata hutoka maji meupe, na ladha hapana. Mamangu alikula vijiko viwili akakisukuma kando kwa adabu, akamuuliza kijana aliyetuhudumia: "Mwanangu, huyu samaki alivuliwa lini?" Kijana akaona haya. Akasema, "Mama, hawa hukaa." Nililipa bei yote. Kilichoniuma zaidi ni kwamba siku hiyo hiyo tafi walikuwa wamejaa sokoni.

Hatua ya tatu: piga simu, tena asubuhi

Ujumbe wa mtandaoni hujibiwa na mtu asiyejua jikoni mna nini. Piga simu kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Saa hizo samaki ameshafika na jikoni bado hawajazidiwa na wateja wa mchana. Omba kuzungumza na msimamizi au mpishi, usalimie vizuri, kisha uulize:

- Leo mmepata samaki gani, na kesho mnatarajia nini?
- Menyu ya ofa ni ya mchana, ya usiku, au yote mawili?
- Nikilipa nusu mapema, nikashindwa kuja, nitarudishiwa?
- Nyama ni halali? Na kama mnauza pombe, kuna sehemu ya familia?

Kama nyumbani kuna mtu asiyeweza kula kamba au kaa kwa sababu vinamdhuru, liseme siku hiyo ya kubuku, na ulirudie ukifika. Usingoje sahani iwekwe mezani. Mafuta yaliyokaanga kamba yanaweza kumdhuru hata akila viazi tu.

Kuhusu siku, mimi huchagua katikati ya wiki. Ijumaa wavuvi wengi wa pwani yetu hupumzika kwa ajili ya swala, kwa hiyo samaki wa Ijumaa usiku aghalabu ni wa jana yake. Jumamosi samaki wanaweza kuwa wazuri, lakini mji mzima uko nje, jikoni wana haraka, na samaki wa kuchoma hapendi haraka. Ofa ikiangukia Ramadhani, sahau mchana. Uliza kama bei hiyo inatumika kwa futari, maana baadhi ya mikahawa hupanga bei nyingine kabisa.

Hatua ya nne: piga hesabu kabla ya kuondoka nyumbani

Swali ni moja: bei hii ni ya mwisho? Kenya kuna kodi ya VAT ya asilimia 16 na tozo ya utalii ya asilimia 2, na mikahawa mingi ya hadhi huongeza malipo ya huduma ya asilimia 10. Mkahawa mwaminifu huandika bei iliyokwisha kujumlisha kodi. Mwingine huiacha ikusubiri kwenye bili.

Tuseme menyu ni shilingi 2,500 kwa mtu mmoja na hakuna kilichojumlishwa. VAT ni 400, tozo ni 50, huduma ni 250. Imekuwa 3,200. Mkiwa wawili ni 6,400, na bado hamjanywa hata maji. Sasa weka juisi mbili, chupa ya maji, na tuktuk ya kwenda na kurudi. Ofa iliyoonekana ya shilingi 5,000 kwa wawili imepita 7,000. Si vibaya kuzitumia ukiwa nazo na chakula kinastahili. Vibaya ni kuzigundua mezani mbele ya mgeni wako.

Linganisha pia na menyu yao ya kila siku. Baadhi ya ofa ni vyakula vitatu vidogo kwa bei inayozidi sahani moja kubwa ya kawaida. Kama nia yako ni samaki tu, pengine sahani moja na wali wa nazi itakutosha, nawe uache hivyo vingine.

Hatua ya tano: panga njia

Kama unatoka kisiwani kwenda Nyali au Bamburi jioni, jipe saa nzima kwa sababu ya Daraja la Nyali. Kama unatoka Likoni, hesabu feri kwenda na kurudi. Mikahawa ya Mji wa Kale ni afadhali ushukie Fort Jesus uingie kwa miguu. Vichochoro ni vyembamba na gari ni mzigo. Meza za wiki ya ofa hushikwa kwa zamu, na ukichelewa nusu saa wanaweza kumpa mwingine. Ukiona umekwama, wapigie.

Hatua ya sita: mezani

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo penye raha.

Kabla ya kuagiza, uliza tena samaki ni gani. Mamangu ndiye aliyenifundisha namna ya kuuliza. Baada ya kisa cha nguru, tulikwenda wiki nyingine ya ofa kwenye mkahawa mdogo Mji wa Kale. Menyu ilikuwa na changu wa kupaka. Akamuita weita: "Mwanangu, leo bahari imetoa nini?" Kijana akainama kidogo: "Mama, changu leo hapana. Kuna tafi, wa Tudor, wameletwa alfajiri. Tukufanyie hao wa kupaka?" Nilijua papo hapo tumefika mahali pazuri. Mkahawa unaokwambia "leo hapana" unaifuata bahari, na neno hilo mimi hulifurahia kuliko punguzo lolote.

Omba uonyeshwe samaki kabla hajapikwa. Wanaopika kwa msimu hawakatai. Wengine humleta kwenye sinia kwa fahari. Jicho liwe limejaa na linang'aa, lisiwe limetumbukia wala kuwa na ukungu. Matamvua yawe mekundu. Ukimbonyeza kwa kidole, nyama irudi. Harufu iwe ya bahari, na harufu ya bahari si shombo.

Samaki wa kupaka ndiye mtihani wa jikoni, kwa hiyo akiwemo kwenye ofa mimi huagiza yeye. Samaki hupasuliwa, akatiwa chumvi, ndimu, kitunguu thomu, tangawizi na pilipili, akawekwa juu ya makaa. Pembeni tui zito la nazi hupikwa na bizari na ukwaju hadi lishikane. Kisha huanza kazi ya subira: paka tui, rudisha motoni, geuza, paka tena, mara tatu au nne, hadi rojo limgande samaki na kuunguaungua pembeni. Akiletwa kwako, tazama hizo pembe. Ziwe na madoa meusi na harufu ya moshi. Ukiona rojo la manjano limemwagiwa juu kama mchuzi na samaki chini yake ni mweupe, huyo hakupakwa. Tazama pia tui lenyewe. La nazi iliyokunwa siku hiyo, likipikwa, hutoa mafuta kidogo na punje laini utazihisi ulimini. La paketi hubaki laini kama krimu, na utamu wake ni wa upande mmoja.

Tafi wale walikuja na mkate wa mofa na achari ya embe. Mamangu aliweka uma kando, akanawa, akala kwa mkono. Fanya hivyo nawe bila wasiwasi, hata kama meza ina glasi ndefu na vitambaa vyeupe. Miiba ya tafi huhisiwa kwa vidole. Kwa uma utaumia.

Kama ni kaskazi na umeagiza jodari, kuna jambo la afya la kulijua. Jodari akikaa kwenye joto kabla ya kuwekwa barafu, hufanya sumu inayoitwa histamini, nayo haiishi kwa kupikwa. Ukihisi ulimi unawasha kana kwamba kuna pilipili na pilipili haimo, acha kula na uwaambie. Dalili zake ni uso kuwa mwekundu, kichwa kuuma na moyo kwenda mbio, na mtu akianza kupumua kwa shida mpelekeni hospitali. Jodari aliyewekwa barafu mapema hana wasiwasi huo mkubwa. Akipikwa vizuri, ni mwekundu katikati, ameguswa tu na moto nje.

Usijaze tumbo kwa chakula cha kuanzia. Na kitamu cha mwisho, chagua kilicho cha msimu. Ngowe lililokatwa hivi hivi mwezi wa Januari halihitaji krimu. Wakati wa masika mimi huridhika na kaimati au kipande cha halua, na kahawa chungu.

Kama chakula kina kasoro, sema mapema, sema kwa upole, na sema kwa msimamizi. "Samahani kaka, huyu samaki hakuiva karibu na mfupa" husikilizwa. Ukila robo tatu ndipo ulalamike, hutasikilizwa, na kwa kweli watakuwa na sababu.

Hatua ya saba: bili na kilichobaki

Omba bili iliyochanganuliwa, uisome. Angalia kama umeandikiwa bei ya ofa. Wiki hizi zina shughuli nyingi na mashine hukosea. Ukilipa kwa M-Pesa, hakikisha jina linalotokea kwenye simu ni la mkahawa, si la mtu binafsi, kisha ngoja risiti. Bakshishi mpe weita mkononi, hasa yule aliyekwambia ukweli kuhusu samaki.

Chakula kilichobaki ombeni mfungiwe. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, kwa hiyo mimi hubeba kikapu changu na kibakuli chenye kifuniko. Wali wa nazi hauchelewi kuchacha kwenye joto letu. Ukifika nyumbani uweke kwenye friji usiku huo huo.

Kabla hamjatoka, pita karibu na jikoni umshukuru mpishi kama anaonekana. Muulize wanatarajia kubadilisha menyu lini. Kama ni Agosti, muulize jodari wa kwanza wa kaskazi huwafikia mwezi gani, na umuachie nambari yako ya simu. Yule wa Mji wa Kale alichukua ya mamangu. Alimpigia Disemba, saa nne asubuhi.